Kaskazini ya Dokta

Kuna kanuni moja ya umeme ambayo mtoto wa chekechea anaweza kuielewa kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Unakunja vidole vya mkono wa kulia kufuata mkondo unavyozunguka kwenye koili, na kidole gumba kinakuonyesha upande inakoelekea nguvu ya sumaku. Basi, kanuni imekwisha. Dokta aliifundisha kila mwaka akiwa na chaki katika mkono wa kulia, na kwa kuwa hakuwa tayari kuiweka chini hata kwa sekunde moja, alionyesha kwa mkono wa kushoto. Mbele yake wanafunzi mia na arobaini wa uhandisi, mwaka wa kwanza, wakainua mikono yao ya kushoto. Vidole gumba mia na arobaini kasoro kimoja vikaelekea upande usio sahihi, kwa nidhamu ya gwaride.

"Tuko pamoja?"

"Tuko pamojaaa!"

Walikuwa pamoja kweli. Hilo sikatai.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na toroli ya vifaa, nikisubiri somo liishe. Mimi ni fundi wa maabara. Nina diploma, jambo ambalo Dokta alinikumbusha kila wiki kana kwamba ni upele ninaokataa kuupaka dawa. Wanafunzi huniita Dada Fundi. Yeye aliniita "wewe wa vifaa" kwa miaka mitano mfululizo, na jina langu linaning'inia shingoni kwenye kitambulisho, kwa herufi kubwa. Wanafunzi nao walikuwa wamempa lake: Sumaku. Halikutokana na somo. Mbele ya wakubwa anavutwa mpaka anaganda. Mbele ya wadogo anasukuma.

Kati ya mikono yote iliyokuwa juu, mmoja tu ulikuwa wa kulia.

"Dokta, samahani," alisema binti aliyekaa safu ya pili. "Si tumesema mkono wa kulia?"

Dokta akautazama mkono wake wa kushoto kama mtu aliyekutwa na mwavuli wa mwenzake. Kisha akamtazama binti.

"Wewe si ndiye unayerudia?"

"Ndiyo, Dokta."

"Basi huo mkono wa kulia ndio uliokuangusha mwaka jana. Ushushe."

Ukumbi ukacheka. Watu mia na thelathini na tisa, magumba yao yakiwa bado hewani yakielekea kusikojulikana, walimcheka mtu pekee aliyepatia.

Tangu wiki ya kwanza walikuwa wamembandika jina la Marudio. Aliitika kila walipomwita, bila kununa, kama mtu anayepokea mzigo ambao ataushusha karibuni. Ila muda wa kuushusha ulikuwa unamwishia. Sheria ya chuo ni fupi: ukianguka somo lile lile mara mbili, unafungasha. Na somo hili la umeme na sumaku lina kipengele kimoja kisicho na huruma, kwamba hata ukipata mia kwenye karatasi, ukianguka jaribio la maabara umeanguka lote. Mwaka uliotangulia Marudio alifaulu karatasi. Jaribio alipata sifuri.

Ni lazima nieleze jaribio lenyewe, na nitalieleza kwa Kiswahili. Dokta alifundishia lugha ya vitabu vyake. Kiswahili alikitunza kwa ajili ya kukemea.

Chukua koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi kwenye pete kubwa, isimamishe wima juu ya meza. Katikati yake weka dira. Sindano ya dira inatazama kaskazini kwa sababu dunia inaivuta. Panga pete ielekee kaskazini hiyo hiyo, ili sindano na pete vilale mstari mmoja. Ukipitisha umeme, koili inaivuta sindano pembeni, dunia inairudisha, na sindano inakaa mahali pa suluhu kati ya wawili hao. Unasoma nyuzi ilizogeuka. Unaongeza umeme, unasoma tena. Mara sita. Ni jaribio zuri kuliko yote niyajuayo: mtu anakaa na betri na waya, anapima dunia nzima.

Lakini pete lazima ielekee kaskazini. Ukiikalisha kwa kukingama, koili nayo inavuta kule kule dunia inakovuta, na sindano haina sababu ya kugeuka. Utaongeza umeme mpaka waya unuke, sindano itakutazama tu.

Katika jengo letu la zamani kulikuwa na fundi aliyenitangulia, mtu makini, aliyepaka mshale mwekundu juu ya kila meza kuonyesha kaskazini, akafunga koili kwa boliti nne kufuata mshale. Kila kitu kilikwenda sawa. Halafu miaka miwili iliyopita tulihamishiwa jengo jipya. Chumba ni chembamba kama korido, meza hazikuenea, wabebaji wakazigeuza robo mzunguko na kuzifunga sakafuni. Mishale ikageuka nazo. Tangu siku hiyo mishale kumi na miwili ya kaskazini, myekundu, imenyooka kama askari, inaelekea choo cha wanaume.

Niliona siku ya kwanza. Nikamfuata Dokta ofisini.

"Dokta, meza zimegeuzwa. Mishale haionyeshi tena kaskazini. Naomba ruhusa nifungue boliti nizigeuze koili."

Hakuinua kichwa. "Kaskazini haihami, wewe wa vifaa."

"Haihami, Dokta. Meza ndizo zimehama."

"Una diploma ya nini vile?"

"Ufundi wa maabara."

"Basi shughulika na vumbi na fyuzi. Fizikia niachie mimi. Na usiguse boliti hata moja, kuna mwongozo."

Nikamwachia. Nilijiambia, ngoja wanafunzi mia na arobaini wamletee sifuri mia na arobaini, ataumbuka mwenyewe. Nilikaa nikisubiri aumbuke. Muhula ukaisha, hakuumbuka. Matokeo ya maabara yakabandikwa ukutani, karibu wote wamefaulu vizuri sana. Nikadhani nimechanganyikiwa. Nikaingia maabara peke yangu, nikawasha meza ya kwanza mpaka ya kumi na mbili. Sindano kumi na mbili, hakuna iliyocheza.

Ripoti sikuruhusiwa kuziona. Dokta alizipokea mwenyewe, alizisahihisha mwenyewe, alizifungia kabatini. Kwa hiyo sikujua wamefaulu kwa miujiza gani. Nikanyamaza, na kwa kunyamaza huko sijajisamehe hata leo.

Mwaka huu, siku ya jaribio, Marudio alipangiwa meza ya tatu. Nilikuwa nazunguka kuangalia fyuzi, kwa kuwa ndilo eneo langu. Alikaa wima, mikono imetulia. Mjomba wake anasuka mota zilizoungua. Alimlea kwenye karakana, na koili kwake ni kitu cha nyumbani kama sufuria. Aliweka dira, akaizungusha sifuri ikaingia chini ya sindano, akawasha. Akangoja. Akaongeza. Akangoja. Akainama akachungulia waya kwa chini, akagusa kuona kama una joto. Una joto. Umeme upo. Akaandika: 0.

Pembeni yake alisimama kiongozi wa darasa, kijana wa tai na mkoba, ambaye wenzake humwita Mheshimiwa na yeye huchukulia ni kweli. Dira yake ilikuwa bado mfukoni. Alikuwa ameshamaliza kuandika matokeo.

"Marudio, mwaka wa pili huu unaiangalia hiyo sindano," alimwambia. "Imekutongoza?"

"Haiendi."

"Nani kakwambia iende? Chukua Babu, andika, tukale."

Babu. Ndipo niliposikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Alitoa karatasi tatu za fotokopi zilizofifia, fotokopi ya fotokopi, pembe zimekunjamana kwa mikono ya miaka. Ripoti ya jaribio iliyokamilika, inayorithishwa toka darasa hadi darasa.

"Babu ameshafaulisha watu wanaojenga madaraja sasa hivi," alisema Mheshimiwa.

"Nitakumbuka kupita mtoni," alijibu Marudio, akairudisha fotokopi bila kuifungua. Akaandika sifuri ya sita. Chini yake akaandika mstari mmoja ambao baadaye niliusoma mara nyingi: *Sindano haikusogea. Mkondo ulikuwepo. Nadhani mshale wa mezani si kaskazini.*

Ripoti ilirudi baada ya wiki mbili. Dokta alikuwa ameongezea sifuri ya saba, kubwa, ya wino mwekundu, na kando yake: *Usinifundishe kaskazini.*

Marudio alikuja nayo maabara. Hakulia. Aliiweka juu ya benchi langu, akaisawazisha kwa viganja.

"Dada Fundi, mimi ni kipofu?"

"Hapana."

"Basi niambie kwa mdomo wako. Ule mshale ni kaskazini?"

Nilikuwa na bisibisi mkononi. Niliizungusha zungusha. "Unaelekea chooni," nikasema.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu mwaka jana?"

Niliinama nikairudisha bisibisi kwenye toroli. Marudio aliikunja ripoti yake mara mbili, taratibu. "Mjomba ameshaanza kuniambia karakana haijafungwa," alisema. "Nimekata rufaa. Ijumaa, saa tatu, ofisini kwa Mkuu wa Idara. Wakiniuliza nani mwingine ameona, nitasema hakuna. Sitaki kukutia matatani, dada yangu."

Afadhali angenitukana.

Alhamisi Mkuu wa Idara aliagiza ripoti zote za jaribio zipelekwe kwake, miaka miwili yote, na wa kubeba makaratasi katika idara ile ni mimi. Dokta alinifungulia kabati lake kwa shingo upande. Nilizibeba mpaka maabara kuzipanga kwenye mafaili, na ndipo, kwa mara ya kwanza, nikafungua moja.

Nyuzi kumi na moja. Ishirini na mbili. Thelathini na moja. Thelathini na tano. Arobaini na tano. Hamsini.

Nikafungua ya pili. Kumi na moja, ishirini na mbili, thelathini na moja, thelathini na tano, arobaini na tano, hamsini. Ya tatu. Ya thelathini. Ya mia. Wahandisi watarajiwa walikuwa wamekaa mbele ya sindano iliyokufa, wakaandika inatembea, na wote wakaiona ikitembea hatua zile zile.

Lakini kilichonifanya nivute kiti ni mstari wa nne. Thelathini na tano. Hesabu inakataa: kwa mkondo ule, sindano inapaswa kufika thelathini na tisa. Nyuzi nne zimepotea hapo, mstari wa nne, katika kila ripoti. Nami nilijua zilikopotelea.

Nilivuta droo ya chini kabisa, nikatoa daftari langu la mwezi wa kwanza kazini, miaka mitano iliyopita, jengo la zamani. Dokta alikuwa ameniambia wakati huo: wewe wa vifaa, fanya jaribio la koili, niletee matokeo ya mfano. Nilifanya, nikanakili kwenye karatasi safi, nikampelekea. Hatukuwa na visanduku vya kupunguza umeme wa ukutani kama sasa, tulitumia betri. Kwenye daftari, kwa mwandiko wangu wa ujana, mstari wa nne: *35. Betri imechoka wakati nasoma. Nimebadilisha.* Kwenye nakala safi niliyompa Dokta niliandika namba tu. Alizifanya mwongozo wake wa kusahihishia. Mtu akauiba, au akauomba, au Dokta aliusahau kwenye mashine ya fotokopi. Babu akazaliwa.

Babu alikuwa mimi.

Ijumaa saa tatu. Mkuu wa Idara ni mzee aliyebakiza miezi minane astaafu, na anatamani ipite bila mtu kugonga mlango. Ofisi yake ina kapeti lililochakaa mbele ya kiti cha wageni, mahali watu wanaposuguasugua viatu kwa hofu. Dokta alikuwa amekaa, amekunja nne. Marudio alisimama. Mimi niliweka mafaili mezani, na badala ya kutoka nikabaki kando ya kabati.

"Shikamoo, Mzee," alisema Marudio.

"Marahaba. Dokta, tuanze, tusiwe na maneno mengi."

"Hakuna maneno, Mkuu," alisema Dokta, na sauti yake ilikuwa imelainika kama siagi juani, ile sauti ya kuvutwa. "Mia na thelathini na tisa wamepata matokeo sahihi. Mmoja hajapata. Huyo mmoja ndiye yule yule wa mwaka jana. Sasa tujiulize, tatizo lipo kwenye dunia au lipo kwake?"

Mkuu akamgeukia Marudio kwa uso wa mtu anayetaka kusaidia ila hataki kuinuka. "Binti yangu, unasemaje?"

"Mzee, mimi sitaki kubishana. Maabara ipo ngazi moja chini. Twende nifanye mbele yenu. Sindano ikicheza, nafungasha mwenyewe, wala hamtaniandikia barua."

Mkuu akashusha pumzi. Tukashuka.

Meza ya tatu. Marudio aliweka dira, akaweka sifuri, akawasha. Sindano ilikaa. Akaongeza mkondo. Sindano ilikaa.

"Mnaona?" alisema Dokta. "Mikono ya kurudia hiyo."

"Hebu tuonyeshe wewe, Dokta," alisema Mkuu. Marudio akazima, akasogea pembeni.

Nilikuwa nimekaa miaka mitano katika maabara ile. Kwa mara ya kwanza nilimwona Dokta akisogelea kifaa. Alikizunguka kisanduku cha umeme upande huu, akakizunguka upande ule, vidole vikipapasa.

"Swichi iko nyuma, Dokta," nikasema.

"Najua iliko."

Akawasha. Akainama juu ya dira, akakaza jicho moja, akatamka kwa sauti ya ukumbini: "Kumi na moja."

Mkuu akavaa miwani, akainama naye. Vichwa viwili, kimoja chenye mvi na kimoja chenye shahada, vikakutana juu ya kisahani cha shaba.

"Dokta, mimi naona sifuri."

"Ni namna ya kusimama, Mkuu. Ukisimama upande huo inakudanganya." Akaongeza mkondo. "Ishirini na mbili."

"Sifuri hiyo."

"Thelathini na moja," alisema Dokta, jasho likimtoka juu ya mdomo. Hadi leo sijui kama alikuwa anadanganya au alikuwa anaziona. Nadhani alikuwa anaziona. Mtu akisahihisha namba zile zile miaka mitano, anaweza kuzisoma hata juu ya ukuta mtupu. Akaongeza tena. "Thelathini na tano."

Nilikuwa nimepanga kusema kwa adabu, kwa utaratibu. Nikacheka.

"Wewe wa vifaa, unacheka nini?"

"Samahani, Dokta. Ni hiyo thelathini na tano. Hiyo ni betri yangu."

Nikaweka daftari mezani, juu ya mshale mwekundu, likiwa wazi ukurasa ule. Kando yake nikafungua ripoti tatu, nne, kumi, kila moja kidole changu kikigonga mstari wa nne. Nikamweleza Mkuu polepole, kama ningemweleza mama yangu: betri ilichoka mkononi mwangu miaka mitano iliyopita, na tangu siku hiyo imechoka mbele ya kila mwanafunzi wa chuo hiki, hata hawa wa miaka miwili ambao betri hawajapewa kabisa. Humu ndani hakuna betri, Mzee. Tazama. Umeme unatoka ukutani. Nani amechoka?

Mkuu alisoma daftari. Alisoma ripoti. Akanyoosha mkono. "Dokta, mwongozo wako wa kusahihishia."

Ulikuwa mfukoni mwake. Mstari wa nne, thelathini na tano.

"Mkuu, huyu ni fundi tu," alisema Dokta. "Ana diploma."

"Naona," alisema Mkuu. "Kwa hiyo umekuwa ukisahihisha kwa diploma."

Sikutegemea mzee yule kuwa na ulimi. Labda ni ile miezi minane.

"Na kaskazini iko wapi?" aliuliza, kwa sauti ndogo zaidi.

Nilichomoa spana namba kumi na tatu kwenye mfuko wa koti, nikampa Marudio. Alizima umeme, akarudisha mkondo chini, akalegeza boliti nne kwa mkono wa mtu aliyekulia karakana, bila kuzitazama, macho yote yakiwa kwenye sindano. Akaigeuza pete robo mzunguko, ikalala mstari mmoja na sindano, ikaupa mshale mwekundu ubavu. Akakaza. Akawasha.

Sindano ikaruka. Ikayumba kushoto, kulia, ikatulia.

"Kumi na moja," alisema Mkuu. Akaongezewa. "Ishirini na mbili. Thelathini na moja." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu aliyesahau kwamba anastaafu. "Thelathini na... tisa. Na tisa, si na tano."

"Leo haikuchoka, Mzee," alisema Marudio.

Alibaki chuoni. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka, na nilipata. Karatasi alifanya wiki iliyofuata, akafaulu. Wengine mia na thelathini na tisa waliamriwa kurudia jaribio, nao hawakumshukuru mtu. Mheshimiwa aliandika barua ya malalamiko kwa niaba ya darasa, akilalamika kwamba wamebadilishiwa jaribio bila taarifa. Walikuja makundi makundi, wakasimama mbele ya meza, wakautafuta mshale. Nilikuwa nimeiparua mishale yote kwa msasa, meza zote kumi na mbili.

"Dada Fundi, kaskazini sasa iko wapi?" aliuliza mmoja wao.

"Una dira mkononi, mwanangu."

Aliitazama dira kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ashike.

Na Dokta? Msidhani yalimpata makubwa. Alipewa barua ya pongezi kwa kusimamia maboresho ya maabara. Imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, ina muhuri, ina maneno "jicho lake makini". Niliisoma mara mbili nikiwa na njaa, shibe ikaja yenyewe.

Jumatatu asubuhi, kabla ya vipindi, alikuja maabara peke yake. Alishika karatasi nyeupe iliyopigwa mistari sita. Alifunga mlango kwanza.

"Wewe wa..." alianza, akaangalia kitambulisho changu, akalisoma jina langu kwa mara ya kwanza, akalitamka karibu vizuri. "Nahitaji matokeo ya mfano. Mapya. Kwa ajili ya mwongozo. Niandikie tu, kama mara ile."

Nikaitazama ile karatasi. Ilikuwa safi, tayari kuwa babu wa mtu.

"Sina, Dokta."

"Ni dakika kumi kwako."

"Hata kwako." Nikachukua spana namba kumi na tatu, nikaiweka juu ya karatasi yake. "Meza ya tatu nimeilegeza, nilikuwa naipaka mafuta. Kaskazini itafute. Swichi iko nyuma."

"Nina kipindi."

"Kipindi ni saa nne. Sasa ni saa mbili na nusu."

Nikatoka kunywa chai. Nilikunywa taratibu, nimesimama nje ya mlango, nikimsikia akigongagonga chuma ndani. Nilipochungulia dirishani alikuwa ameinama juu ya koili, tai imetupwa begani, midomo inacheza. Alikuwa anajaribu kukisia sindano itageukia upande gani. Alikuwa anakumbuka kanuni, anakunja vidole kufuata waya, gumba limesimama.

Spana ilikuwa katika mkono wa kulia. Hakuiweka chini.

Nikaenda kuongeza chai.